Yuko huru kwenda wapi?

Wiki hii nimetumiwa video ileile na watu wanne. Mnaijua. Chui kwenye kizimba nyuma ya pikapu, jamaa amekaa juu ya paa anavuta kamba, mlango unapanda, chui anachomoka na kutokomea vichakani. Kinanda kinalia. Makofi. "Hatimaye yuko huru!" Sekunde arobaini, na chini yake mioyo ya kopa isiyohesabika.

Huru kwenda wapi, jamani?

Tunaongea kana kwamba pori ni moja tu, popote ukimshusha mnyama amefika kwao. Chui hakai "porini". Anakaa kwenye korongo fulani. Ana mti wake wa kupandishia mzoga, anajua maji gani hayakauki kiangazi na ni wapi pa kupita bila kuonekana na mtu. Elimu hiyo imemchukua miaka. Halafu siku moja mnamdunga dawa ya usingizi, mnampakia, anazinduka mahali ambapo hata pa kunywa maji hapajui. Na mahali penyewe si patupu! Kama panamfaa chui, basi tayari pana chui dume anayepalinda, na huyo hana habari na video yenu.

Anachofanya mgeni huyu ni kile ambacho wewe na mimi tungefanya: anatafuta njia ya kurudi. Njia hiyo inapita katikati ya watu.

Haya si mawazo yangu ya kukaa barazani. Kule Junnar, jimbo la Maharashtra nchini India, chui walikuwa wakiishi kwenye mashamba ya miwa karibu kabisa na watu. Mwaka 2001 ikaanza kampeni ya kuwakamata na kwenda kuwaachia kwenye misitu. Kabla ya hapo, mashambulizi dhidi ya binadamu yalikuwa wastani wa manne kwa mwaka. Baada ya kampeni yakafika wastani wa 17 kwa mwaka. Rudia kusoma: waliwahamisha ili watu wawe salama. Chui aliyezoea kuwakwepa watu wa eneo lake, akakamatwa, akafungiwa, akatupwa asikokujua, si chui yuleyule tena. Na wanaokutana naye huko alikopelekwa hawakuulizwa kama wanamtaka. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Tatizo la kijiji A linapakiwa kwenye gari usiku, asubuhi ni tatizo la kijiji B, na aliyelipakia anapigiwa makofi.

Tembo nao vilevile. Watafiti Sri Lanka waliwavisha kola za GPS, za kufuatilia mnyama aliko, madume 12 waliohamishwa kwa sababu ya ugomvi na wakulima. Baadhi walirudi walikotoka. Wengine wakawa wazururaji, hawatulii popote. Wapo waliotulia, lakini hesabu ya mwisho ikaonyesha kwamba uhamishaji uliongeza ugomvi badala ya kuupunguza, na tembo wenyewe wakafa zaidi. Mamba ndiye kiboko yao: Australia walimbeba mmoja wa mita 4.5 kwa helikopta hadi upande wa pili wa rasi ya Cape York. Akaizunguka rasi kwa kuogelea, zaidi ya kilomita 400, na kwa siku 20 akawa amerudi kwake. Nikiwa rubani ningeona aibu.

Kuna na magonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wawindaji Marekani walihamisha rakuni, mnyama mdogo wa huko mwenye uso kama wa kuvaa barakoa, kutoka kusini-mashariki, wakahamisha na kichaa cha mbwa pamoja nao, kikasambaa pwani yote ya mashariki. Kuna na mshtuko wa kukamatwa: mnyama akikimbizwa na kuhangaishwa mno misuli inaanza kuoza akiwa hai, sumu yake inaziba figo, anakufa siku kadhaa baadaye, kamera zikiwa zimeshafungwa.

Msiniambie eti hayo ni ya watu wasio na utaalamu. Katikati ya 2018 Kenya ilihamisha faru weusi 11 kutoka Nairobi na Nakuru kwenda Tsavo Mashariki. Madaktari walikuwepo, magari yalikuwepo, hotuba zilikuwepo. Maji ya kule yalikuwa na chumvi nyingi. Faru akinywa anazidi kupata kiu, akizidi kupata kiu anakunywa tena. Kumi wakafa. Wa kumi na moja akavamiwa na simba. Maji ni kitu cha kupimwa kwanza, si cha kuchunguzwa kwenye mizoga.

Haya, nakubali, kuna zilizofanikiwa. Rwanda ilipeleka simba saba kwenye hifadhi ya Akagera mwaka 2015, wakazaana vizuri. Lakini tazameni ilivyofanyika: simba wa pale walikwisha kuangamizwa, kwa hiyo hapakuwa na mwenyeji wa kuwafukuza, palikuwa na uzio, walikaa kwanza zizini wakazoea, walivishwa kola na kufuatiliwa. Ile ni kazi ya miaka. Siyo pikapu na kamba.

Na mimi si mtakatifu. Mwaka jana nyoka aliingia nyumbani, nikamwita jamaa anayewakamata. Akamtia kwenye gunia kwa ustadi wa ajabu, nikajisikia mtu mwema kwa sababu sikumpiga rungu. Nikamuuliza anampeleka wapi.

"Kule darajani."

"Na yule wa jirani, wa mwezi uliopita?"

"Kulekule."

"Wote?"

Akacheka. "Sasa niwapeleke wapi?"

Baadaye nikasoma kuhusu wale nyoka wa Marekani wenye njuga mkiani, ambao watafiti waliwahamishia mbali kisha wakawafuatilia. Walitangatanga kupita kiasi, wakafa kwa wingi kuliko wenzao walioachwa mahali pao. Darajani sijawahi kwenda kuangalia. Ila ile video sikumtumia mtu wa tano.