Pima mguu kwanza, kiti kitafuata

Mtu akiniuliza anunue kiti gani cha kufanyia kazi nyumbani, namuuliza kwanza: kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti lako ni sentimita ngapi? Sijampata bado aliyejibu papo hapo. Bei wanaijua, rangi wameshaichagua, duka wameshalitembelea, lakini mwili utakaokikalia kiti hicho kutwa nzima hawajaupima.

Hapa Mwanza kiti cha kazi tunakichagua kwa macho, kama kochi la sebuleni. Tunakipenda kile cheusi kinachong'aa, chenye mgongo mrefu hadi kisogoni na magurudumu chini, kile kiitwacho kiti cha bosi. Kinapakiwa kwenye bajaji hadi Buhongwa kikiwa bado na nailoni yake, majirani wanatoa hongera. Pita nyumba hiyo miezi michache baadaye, utamkuta mwenyewe amekaa ukingoni, mgongo umejikunja, na egemeo lote lile halimgusi popote. Akijisogeza nyuma aliegemee, miguu inaning'inia.

Kwa hiyo nasema bila kusita: kama kazi yako inakuweka kwenye kompyuta kutwa, na fedha uliyonayo ni ya kiti kimoja, nenda kwa seremala ukachongeshe kiti cha vipimo vyako. Mafundi tunao tele, na kiti cha namna hiyo hakiwashindi.

Tuanze na miguu. Viti vingi vya ofisi vya kuzunguka, hata ukivishusha hadi mwisho, kikalio kinabaki sentimita 42 au zaidi kutoka sakafuni. Kimo hicho kinamfaa mtu aliyevaa viatu, tena mwenye miguu mirefu kiasi. Nyumbani kwetu viatu vinabaki mlangoni. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 155, akiwa peku, mkunjo wa goti lake uko karibu sentimita 38. Hizo sentimita nne zinazopungua zinatosha kuufanya ukingo wa kiti umkandamize chini ya mapaja, mahali inapopita mishipa ya damu na ya fahamu. Ndiyo ile ganzi ya saa nane mchana ambayo watu wanadhani ni uzee.

Kina cha kikalio nacho kina madhara yaleyale. Ukikaa huku mgongo umegusa egemeo, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Visipopita, kikalio ni kirefu kwako toka egemeo hadi ukingoni, na mwili wako utatafuta nafuu kwa kuteleza mbele. Wengi wetu tunaambiwa tunakaa vibaya tangu shule, wakati kosa liko kwenye mbao.

Meza ndiyo watu wanaisahau kabisa. Meza ya chakula, ambayo ni ofisi ya wengi wetu, ina kimo cha sentimita 75 hivi. Dada yule wa sentimita 155, akikaa kwenye kiti kinachomfaa, viwiko vyake viko karibu sentimita 60 kutoka sakafuni. Ili afikie kibodi inabidi apandishe mabega, na mabega yakikaa juu kutwa, maumivu yanahamia shingoni, kisha kichwani. Dawa ni mbili: meza ikatwe miguu, au kiti kipandishwe na chini pawekwe kibao imara cha kukanyagia. Kioo cha kompyuta mpakato nacho kinyanyuliwe hadi ukingo wake wa juu ulingane na macho, uchomeke kibodi ya pembeni.

Halafu kuna joto. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini mwezi wa kumi, mchana, chini ya bati, urefu huo haukusaidii kitu. Ngozi bandia, ile mafundi wa sofa wanayoiita leza, haipitishi hewa. Unainuka nguo imegandamana na mgongo. Baada ya muda jasho na unyevu vinavunja lile tabaka la plastiki la juu, linaanza kubanduka magamba meusi yanayobaki kwenye nguo zako.

Mwaka 1994 kampuni ya Herman Miller ya Marekani ilitoa kiti kinachoitwa Aeron, kilichobuniwa na Bill Stumpf na Don Chadwick. Sponji na ngozi viliachwa. Kikalio na egemeo vikawa wavu uliowambwa kwenye fremu, hewa ikipita. Na kilitolewa kwa saizi tatu, kwa sababu miili haifanani. Nimekipenda kisa hicho kwa sababu mababu waliowamba vitanda kwa kamba wangelielewa wazo hilo bila kuelezwa. Kando ya ziwa hatukosi kamba. Ile ya nailoni wanayonunua wavuvi inavumilia maji na uzito, na fundi mwenye mikono mizuri anaiwamba kwenye egemeo ikashika vizuri kuliko leza yoyote.

Mzee aliyenichongea changu anafanya kazi nyuma ya nyumba yake, huko Nyakato.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kitanda au kabati?"

"Kiti cha kufanyia kazi. Nimekuja na vipimo."

"Vipimo tutaviona. Vua viatu, kaa kwenye benchi hili kwanza."

Akaanza kupanga vipande vya mbao chini ya nyayo zangu, kimoja juu ya kingine, mpaka mapaja yakalala sawa na nyayo zikakanyaga bila kujikaza. Akapima kimo cha benchi, akatoa unene wa vile vipande, akaandika namba kwenye ubao kwa penseli. Ilikuwa pungufu ya yangu kwa sentimita moja, na yake ndiyo iliyokuwa sahihi, kwa kuwa nyumbani nilijipima nikiwa nimesimama. Jipimeni mmekaa.

Ukifika kwa fundi wako, mwambie egemeo lilale nyuma kidogo, nyuzi 100 hadi 110, lisisimame wima kama la benchi la kanisani. Kati ya sentimita 15 na 25 juu ya kikalio, pale kiuno kinapoingia ndani, pawe na kitu kinachokisukuma kwa upole: kamba iliyokazwa zaidi, au ubao uliochongwa mviringo. Ukingo wa mbele wa kikalio uwe wa duara. Sponji iwe ngumu. Ile laini asubuhi ni raha, mchana makalio yameshagusa mbao. Juu yake weka kitambaa kizito cha pamba. Na ukakikalie kabla vanishi haijapigwa, kwa muda wa kutosha, ukiwa na kompyuta yako.

Kiti cha kuchongesha hakipandi wala hakishuki. Nyumba ambayo mume na mke wanapokezana kiti kimoja, nunueni cha kurekebishwa, na kwa bei hiyohiyo afadhali kilichotumika chenye fremu nzuri kuliko kipya cha leza. Kipandishe, kikalie, usubiri: kikishuka chenyewe, mtungi wa gesi ulio chini yake, ule unaokipandisha na kukishusha, umechoka. Kwenye sakafu ya vigae tafuta magurudumu yaliyovikwa mpira, yale magumu ni ya zulia.

Na inukeni. Zile sahani laini kati ya pingili za uti wa mgongo, kwa mtu mzima, karibu hazina mishipa ya damu ya kwake. Chakula chake hupenya polepole kutoka pembeni, na kujongea kwa mwili kunasaidia. Hakuna fundi anayeweza kuchonga hilo.

Limebaki la waajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Kampuni inayomruhusu mtu wake afanyie kazi Mwanza, huku ikiokoa kodi ya pango la ofisi mjini Dar es Salaam, isimwachie gharama ya kiti peke yake. Zipo zinazokubali kurudisha fedha, ila mhasibu anadai risiti ya mashine, ambayo seremala wa nyuma ya nyumba hana. Ndivyo mtu anavyosukumwa dukani akachukue kiti cha bosi ambacho hakimtoshi. Toeni posho ya mara moja, ya kiti na meza, mfanyakazi asaini kuwa ameipokea, aende kwa fundi wake na vipimo vyake.