Vijineno Hivi Vitanimaliza

Mimi na Kiingereza tulishasameheana mengi. Neno 'through' lina herufi 7, zinazosikika hazifiki hata nusu ya ahadi, nikanyamaza. 'Read' ya leo na 'read' ya jana zinaandikwa vilevile na kutamkwa tofauti, nikameza mate. Lakini hivi vijineno vya 'up', 'off', 'out', 'in' na 'over' vimenifika shingoni.

Ukivitazama wala huvidhanii. Tulivijua tangu masomo ya mwanzo kabisa: kitabu kiko juu ya meza, paka yuko chini ya meza, ndani, nje, basi. Tukapigiwa makofi, tukajua hapo tumemaliza. Kumbe vilikuwa vinatusubiri tukue, tuajiriwe, tuanze kupokea barua pepe za mabosi.

Chukua 'give'. Ni kutoa, mtoto mdogo anajua. Kipachike 'up', nacho ni juu. Kwa hesabu za kawaida tupate kutoa juu, sivyo? Thubutu. Ni kukata tamaa. Pachika 'in', umesalimu amri. Pachika 'away', umetoa bure, au umefichua siri, au umemwoza binti yako. 'Give off' ni kutoa harufu au moshi. 'Give out' ni kugawa, lakini ukiisikia kwa miguu ya mzee ujue imeishiwa nguvu. Kitenzi ni kilekile cha kutoa, na anayetolewa jasho ni mimi.

Sasa njoo kwenye 'go off', mama wa balaa. Kwa taa, imezimika. Kwa kengele ya saa, imeanza kulia. Yaani kimoja kimekoma na kingine ndiyo kwanza kinaanza, neno lilelile! Kwa maziwa, yameharibika. Kwa mtu, ameondoka zake. Kwa bomu, limelipuka. Hebu niambie, mtu akitoka mbio huku anapiga kelele 'It's gone off!', mimi nikimbilie swichi, nikamwage maziwa, au nilale kifudifudi?

Mvivu kuliko vyote ni 'up'. 'Eat up', 'use up', 'tear up', hakuna kilichopanda hapo. Wajuzi wanasema hiyo 'up' ni ya kumalizia: umekula hadi sahani ikawa nyeupe, umetumia hadi kikaisha, umechana ikawa vipande. Haya, hilo nimelikubali, na kusema kweli ni maelezo mazuri. Basi 'hurry up' ni ya nini? Haraka gani hiyo inayomalizwa na mtu bado anatafuta kiatu?

Halafu kuna mapacha wanaonitia wazimu. Fomu unaweza kui-'fill in', na fomu hiyohiyo unaweza kui-'fill out', ikajazwa ileile. Ndani na nje vimekuwa kitu kimoja! Gari likipunguza mwendo ni 'slow down', na wapo wanaosema 'slow up', na breki ni zilezile. Lakini usijidanganye kwamba basi vijineno havina kazi, kwa sababu hapohapo watakuletea 'look over', kupitia kitu kwa makini, na 'overlook', kukipita bila kukiona. Bosi akikuandikia ripoti hii 'look it over', na wewe ukai-'overlook', mwisho wa mwezi mtakuwa na mazungumzo.

Na hata ukishakariri maana, bado hujajua pa kukiweka hicho kijineno. Taa unaruhusiwa kusema 'turn off the light', au 'turn the light off'. Vizuri, uhuru. Ukifupisha taa ikawa 'it', uhuru umekwisha: ni 'turn it off' tu, na ukisema 'turn off it' watu wanakutazama kama umewakanyaga. Basi unajiambia, sawa, nimeshika kanuni, 'it' inakaa katikati. Unakwenda nayo kwa 'look after', kulea mtoto, unasema 'look her after'. Unakanyaga tena! Hapo ni lazima iwe 'look after her'.

Ukimuuliza mwenye lugha sababu, anainua mabega na kusema 'inasikika vibaya tu'. Asante sana. Wa sarufi ndiye atakayekueleza kwamba ile 'off' ya taa ni kielezi, ina miguu, inatembea. Na ile 'after' ya mtoto ni kihusishi, haibanduki mbele ya nomino yake. Eti sikiliza sauti: kwenye 'turn it off', mkazo unaangukia 'off', lakini kwenye 'look at it', hiyo 'at' inamezwa. Mimi nataka kuzima taa nilale, ninapewa mtihani wa masikio.

Kinachoniuma ni kwamba wenyewe wanajua. Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi, alipotoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika kwenye utangulizi kwamba mtindo huu wa kupachika kijineno nyuma ya kitenzi ndio unaowatesa wageni kuliko yote. Mwaka 1755! Taarifa imepokelewa, imesomwa, na badala ya kuvipunguza wakaviongeza. Ilipofika 1925, mwandishi Logan Pearsall Smith akavitia kitabuni kwa jina la 'phrasal verbs', jina ambalo alisema alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford. Kwa hiyo sasa ugonjwa una jina. Dawa bado.

Zamani, kwenye Kiingereza cha kale, vingi vya vijineno hivi vilikaa mbele, vimegandishwa na kitenzi. Mabaki yake ni kama 'overcome' na 'understand'. Ndiyo, hata neno lenyewe la kuelewa, ukilipasua, ni kusimama chini. Baadaye vikahamia nyuma. Wanormani nao, kutoka kaskazini mwa Ufaransa, wakaivamia Uingereza mwaka 1066, na karne zilizofuata Kifaransa na Kilatini vikamwaga vitenzi vya suti na tai. Ndiyo maana kuahirisha ni 'postpone' kwa wakubwa na 'put off' kwa watu wa kawaida, kuvumilia ni 'tolerate' na pia 'put up with', yaani kuweka juu na.

Sisi shuleni tulifundishwa hivyo vya suti. Matokeo yake naweza kusoma mkataba wa kurasa 20 nikauelewa, halafu fundi wa bomba akaniambia sentensi ya maneno matano nikabaki namtumbulia macho. Neno refu nalitafuta kwenye kamusi, nalipata, tunaachana kwa amani. Nenda sasa ukatafute 'put'! Unafungua ukurasa, unafungua unaofuata, bado ni 'put'.

Najua kuna mjuaji ananisubiri na 'piga'. Eti na sisi tunapiga simu, picha, pasi, mswaki na kura, bila kumuumiza mtu. Kweli. Lakini ndugu yangu, ukiambiwa piga pasi, pasi unaiona. Hakuna aliyekwambia 'piga juu' akategemea ujue ni nguo.

Kompyuta zilipokuja nilipata matumaini. 'Log in' ni kuingia, 'log out' ni kutoka. Ndani ni ndani, nje ni nje! Nikasema hatimaye wamepata adabu. Kidogo nikaona 'log on', na maana yake ni ileile ya 'log in'. Ikafuata 'log off', nayo ndiyo ileile ya 'log out'. Kilichobaki ni 'log up' tu, na kwa ninavyoijua familia hii, iko njiani.