Tuachieni Ukimya wa Groto

Tangu tumzike baba, miezi mitatu sasa, sala zangu zilikuwa zimekauka. Wiki iliyopita nikapanda hadi groto, pango la kusalia, ya Bikira Maria iliyo ndani ya msitu, nikakaa tu. Nusu saa nzima nilisikia ndege, maji yakichuruzika mwambani na punje za rozari zikigongana mkononi. Machozi yakaja yenyewe. Mara spika iliyofungwa mtini ikaanza kupiga nyimbo za kwaya kwa sauti ya kutikisa kifua. Haikuzimwa hadi naondoka.

Hasira haijanitoka.

Groto zetu nyingi tumezijenga kwa kuiga ile ya Lourdes, Ufaransa. Basi tukumbuke yaliyotokea huko. Tarehe 11 Februari 1858 Bernadette Soubirous, binti wa miaka 14, alikwenda kuokota kuni karibu na pango la Massabielle. Akasikia uvumi kama wa upepo. Akatazama miti, imetulia. Ndipo akamwona Bibi, yaani Bikira Maria. Akasali rozari, na Bibi akapitisha punje vidoleni bila kuchezesha midomo kwenye Salamu Maria. Siku ile hakusema neno. Mara ya pili vilevile. Alisema mara ya tatu, tarehe 18. Mama wa Mungu alikaa kimya na mtoto maskini kabla ya kumpa ujumbe wowote, nasi hatuwezi kumwacha mfiwa akae naye dakika kumi? Hata nabii Eliya kule mlima Horebu hakumkuta Bwana katika upepo, tetemeko wala moto, bali baada yake ilikuja sauti ndogo, ya utulivu. Sauti hiyo spika huifunika.

Haya, siku ya sikukuu umati ni mkubwa, na mzee aliyekaa nyuma kabisa ana haki ya kusikia Misa. Spika iwashwe. Misa ikiisha, izimwe.

Na wanaopiga picha watu wakiwa wamepiga magoti, jamani, hapana.

Sisemi watu wasiimbe. Kikundi kinachosali Njia ya Msalaba, kimefika kituo cha 12 kikihema kwa mlima, wimbo wao ukikatika katikati ya ubeti, hakijawahi kunizuia kusali. Mara nyingi nimejikuta nimeungana nao.

Nitarudi Jumanne alfajiri, kabla mwenye mitambo hajafika. Nina mengi ya kumwambia Mama kuhusu baba, na sijaanza.