Herufi nene zenye miguu bado zinafaa mabango ya Mtwara

Wabunifu wa mabango Mtwara mjini siku hizi huzikwepa herufi nene zilizobanwa, zile zenye miguu mipana ya mraba, yaani vile vistari vya mlalo kwenye ncha za herufi. Wanasema zina sura ya sinema za kikauboi, na mteja anayetaka kuonekana wa kisasa hupewa herufi laini zisizo na miguu. Naona wanazionea.

Asili yake si machungani Marekani. Vincent Figgins, mtengenezaji wa herufi za chapa, alitoa herufi nene zenye miguu ya mraba London mwanzoni mwa karne ya 19, wafanyabiashara walipohitaji matangazo yanayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York akaanza kuchonga herufi za mbao kwa mashine, na matangazo makubwa yakawa rahisi kuchapwa.

Sasa chukua HALMASHAURI YA WILAYA YA TANDAHIMBA. Ukihesabu na mapengo ni nafasi 35. Kwenye bango la mita 3, mstari mmoja, kila nafasi inapata chini ya sentimita 9. Herufi nene ya kawaida, yenye upana wa robo tatu ya kimo chake, itasimama sentimita 11. Iliyobanwa hadi asilimia 40 ya kimo itafika 21. Makadirio ya kazi hii ni sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali, kwa hiyo ya kwanza inasomeka vizuri kutoka mita 13, ya pili mita 25. Bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa saa inamaliza mita 11 kila sekunde. Bango la kwanza linampa dereva sekunde moja na kidogo, la pili zaidi ya mbili. Lazima tupunguze kiasi, maana herufi iliyobanwa ni ngumu zaidi kuitambua, lakini faida bado ni kubwa. Na majina yetu ya ofisi na vyama vya ushirika hayajui ufupi.

Wapinzani wana hoja moja nzito: MTWARA lenyewe lina M na W, herufi zinazodai upana. Zikibanwa sana, miguu inagusana, na matundu ya A na R yanazibwa na rangi. Namba ya simu na orodha ya huduma, kweli, zisiandikwe hivyo.

Ila kinachoharibu mabango mengi ni kuchukua herufi pana na kuikondesha kwa kipanya cha kompyuta. Nguzo za wima zinakonda, miguu ya mlalo inabaki minene, na neno zima linapoteza mizani. Herufi iliyosanifiwa ikiwa imebanwa tangu mwanzo hulinda unene wa nguzo na kuiachia M nafasi yake.

Mteja wa bango la mita 3 aombe mchoro uchapwe kujaza upana wa A4 iliyolazwa, karibu sehemu moja ya kumi ya bango. Aubandike ukutani, asimame mita 2 na nusu, sawa na mita 25 barabarani, aone kama tundu la A bado liko wazi.