Bullard alitangulia Tuskegee

Kuna mwandishi anasema Wamarekani weusi wa kwanza kurusha ndege za kivita ni wale waliofunzwa Tuskegee, Alabama, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hapana, na inaniuma kila ninapoisoma. Eugene Bullard wa Georgia alikuwa angani mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza, ila chini ya bendera ya Ufaransa, tena baada ya kujeruhiwa kwenye mapigano ya Verdun, Ufaransa, akiwa askari wa miguu. Marekani ilipoingia vitani ikawachukua marubani wake waliokuwa Ufaransa, yeye ikamwacha kwa sababu ya rangi. Uzeeni aliendesha lifti Rockefeller Center, New York, huku Ufaransa ikimtunuku Légion d'honneur, nishani yake ya juu kabisa, mwaka 1959! Cheo cha luteni wa jeshi la anga la Marekani alipewa 1994, miaka 33 baada ya kufa. Nani kati yenu alifundishwa jina hili shuleni?