Yah: Doa Katika Barua ya Ajira

Nilipostaafu ualimu nikiwa na miaka 60 kamili, nilitoka kazini na mambo mawili ya kujivunia, nayo ni mwandiko wangu na jalada langu. Jalada lenyewe lilikuwa la rangi ya kaki, limefungwa kwa ugwe mweupe, na ndani yake mlikuwa na kila karatasi ambayo mwajiri aliwahi kuniandikia tangu barua ya ajira ya kwanza, zote zimepangwa kwa tarehe na kupewa namba kwa wino mwekundu, kuanzia 1 hadi 46. Nililihifadhi katika droo ya chini ya meza niliyosahihishia madaftari kwa miaka mingi, ile ambayo wazee wetu waliiita mtoto wa meza, nikisubiri Jumatatu ya kulipeleka ofisini kwa uhakiki wa mafao.

Wakati huo nilikuwa peke yangu nyumbani. Mke wangu alikuwa amekwenda Dodoma kumwangalia binti yetu aliyejifungua, akaniachia maagizo matatu: nisiunguze sufuria, nisisahau kufunga dirisha la jikoni, na nisiingize mnyama ndani. La kwanza nilikwisha kulivunja siku ya pili. La pili na la tatu niliyavunja kwa pamoja, kwa sababu mvua za masika zilipojaza mifereji ya Ngamiani, hapa Tanga, panya wa mtaa mzima walihamia stoo yangu, nami nikaanza kuacha dirisha wazi na kichwa cha kibua kizingitini, kwa ajili ya paka mmoja mwenye mabaka meusi, meupe na ya rangi ya chungwa, aliyekuwa akipita juu ya ukuta kila magharibi.

Jirani yangu, bibi wa Kidigo ambaye hakuna jambo la mtaani linalompita, alimwita paka huyo Shume. Nilisimama ukutani nikamweleza kwa kirefu kwamba kamusi inampa jina hilo paka dume, tena asiyefugwa, ilhali paka mwenye rangi tatu karibu kila mara huwa jike, na kwa hiyo jina halikumfaa. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, mwanangu, rangi umeziona, na tumbo je?” Kwa wiki tatu nilikuwa nimedhani ananenepa kwa vibua vyangu.

Paka hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65 hivi, na kwa macho ya bibi siku zilizobaki zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Shume hakuwa wa nyumbani wala wa mwituni. Alikubali kula nikiwa hatua tatu kutoka kwake, lakini nikisogea mbili alilaza masikio na kutoa sauti ya baiskeli inayopata pancha. Bibi akaniambia, “Paka wa nyumba haingwi,” nami nikamjibu kwamba huyu si wa nyumba. “Basi atakuwa,” akasema, akaenda zake.

Nilijiandaa kama mkunga. Nilichukua boksi la televisheni nikalikata mlango, nikatandika magazeti na shuka kuukuu, nikaliweka katika kona yenye giza na joto ya chumba changu cha kusomea. Niliomba mchanga kwa mafundi waliokuwa wakijenga jirani, nikaujaza beseni ili ajisaidie humo. Maziwa ya ng'ombe sikumpa, kwa kuwa paka wengi wakubwa huwaharisha; nilimpa maji, vibua vya kuchemsha visivyo na chumvi, na dagaa. Alipoingia nikafunga dirisha, madume ya mtaani yasije yakamfuata. Shume alilikagua boksi lile, akalizunguka mara mbili, akaingia, akatoka, kisha akaketi juu ya paa lake. Paa likabonyea.

Usiku wa Ijumaa dari ilianza kuvuja karibu na meza. Nilivuta droo ya chini kuhakikisha kwamba jalada halijalowa, nikalikuta kavu, nikasukuma droo irudi, nayo ikagoma katikati kwa sababu mbao ilikuwa imevimba kwa unyevu. Niliacha mwanya wa kiganja kimoja, nikaenda kulala nikiwa na amani ya mtu ambaye nyaraka zake ziko salama.

Alfajiri niliamshwa na milio myembamba, kama ya bawaba zisizotiwa mafuta. Nilimulika tochi bokisini, hamna kitu. Nilimulika chini ya kiti, hamna kitu. Nilipomulika kwenye ule mwanya, macho mawili ya kijani yalinirudishia mwanga. Shume alikuwa amelala juu ya utumishi wangu wote, ugwe mweupe umetafunwa, na tumboni pake wamejipanga watoto wanne, kila mmoja si mkubwa kuliko ndizi ya kisukari, macho yamefumba na masikio yamelala. Kondo la nyuma alikwisha kulila mwenyewe, kama ilivyo desturi yao, lakini maji ya uzazi hayaliki, nayo yalikuwa yamejitafutia njia ndani ya jalada. Mtoto wa meza alikuwa amepata watoto.

Bibi aliarifiwa, au tuseme alijiarifu. Alikuja na uji wa pilipili manga katika bakuli lenye kifuniko, akauweka sakafuni, na akatoa amri kwamba mzazi asisumbuliwe wala asitoke kabla ya arobaini. Nilimwambia kwamba mimi natakiwa ofisini Jumatatu. Akasema Jumatatu haikuzaa. Shume aliunusa uji, akaugeuzia mkia.

Saa moja baadaye mke wangu alipiga simu kunieleza kwamba mzazi amekula uji vizuri na mtoto ananyonya. Nami, kwa uchovu, nikajibu kwamba wa huku amekataa uji na ametafuna ugwe. Simu ilinyamaza kwa muda mrefu. Nilisema mtandao unakatika, kisha nikaukata.

Jumamosi nzima nilimchunguza adui. Niligundua kwamba alitoka drooni mara chache mno, kwenda kwenye mchanga na kwenye sahani, na kwamba kila safari haikuzidi dakika nne. Kengele ya shule imenifundisha kuheshimu dakika. Nilijua pia kwamba watoto wa paka katika siku za mwanzo hawawezi kujitia joto wenyewe, na kwamba mama akiona maficho yake yamevurugwa huwabeba kwa ngozi ya kisogo na kuwahamishia pengine, hivyo mpango wangu ulihitaji haraka na heshima kwa pamoja.

Jumapili jioni, Shume alipoelekea kwenye mchanga, nilivuta droo kwa nguvu zote ikafunguka, nikawahamisha watoto wanne mmoja baada ya mwingine kwa kutumia kofia yangu ya Ijumaa, nikawalaza ndani ya boksi, na nikalishika jalada. Zilikuwa zimepita dakika mbili. Ningefuzu kabisa kama mtoto wa nne, mweusi tii, hangelia.

Sikumwona Shume akija. Nilichohisi ni kucha zikipanda juu ya msuli wangu kama fundi anayepanda mnazi, na kwa kuwa msuli haukufungwa kwa kubeba uzito wa watu wawili, ulianguka pamoja naye. Nilirukia kiti. Mlango ukafunguliwa, naye bibi akanikuta nimesimama juu ya kiti kwa bukta na fulana, jalada nimeliinua juu ya kichwa, damu ikichuruzika mguuni, na chini yangu msuli ukizunguka chumba wenyewe, ukitoa sauti ya pancha. Bibi aligeuza uso upande wa ukuta kwa adabu. “Mwalimu,” aliuambia ukuta, “nilikwambia arobaini.”

Shume alipojinasua alikwenda moja kwa moja kwenye boksi, akamng'ata mtoto wa kwanza kisogoni, akamrudisha drooni, na akafanya hivyo mara nne, akisimama kila safari kunitazama. Alipofika na wa mwisho akakuta mbao tupu. Alitoka akalia mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake, mdogo, wa kuuliza. Nikiwa bado juu ya kiti niliinyakua nguo ya kwanza niliyoweza kuifikia juu ya kabati, nikaitupa ndani ya droo. Ilikuwa kanga mpya ya mke wangu, ambayo bado haijakatwa, yenye maneno “Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu”.

Jeraha nililiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, na Jumatatu asubuhi nilipitia kituo cha afya, ambako muuguzi alinichoma sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa. Nilimuuliza kwa nini ugonjwa huo usipewe jina la haki, ikiwa paka naye anaweza kuuleta. Alisema anayo foleni.

Ofisini nilipokewa na kijana mtanashati ambaye alisimama aliponiona. “Shikamoo, Mwalimu!” Nilikuwa nimemfundisha darasa la tano. Alifungua jalada, akanusa, akalifunga, akalifungua tena polepole. Karatasi 45 zilikuwa salama. Namba 1, barua ya ajira, ilikuwa na doa la rangi ya chai kavu kutoka pembe hadi katikati. Nilimweleza ukweli wote, pamoja na msuli. Alisikiliza bila kucheka, jambo lililoniumiza zaidi, kisha akasema kwa unyenyekevu, “Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba daftari lenye doa halisahihishwi mpaka mwenyewe aandike maelezo na mzazi atie sahihi.”

Nilikuwa nimewafundisha hivyo. Nikaomba karatasi.

YAH: DOA KATIKA BARUA YA AJIRA. Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Napenda kuthibitisha kwamba doa lililopo katika karatasi namba 1 limetokana na paka kujifungua juu yake usiku wa kuamkia Jumamosi, na kwamba tarehe na sahihi zote zinasomeka. Paka husika hakuwa na nia ya kughushi.

Kwa kuwa wazazi wangu wote wawili wamekwisha kufariki, kijana akapendekeza muhuri wa mtendaji wa mtaa. Mtendaji naye akasema hagongi muhuri juu ya jambo asilolishuhudia, akanifuata nyumbani na kidau chake cha wino, akainama kwenye droo, akapigwa pancha, na akaugonga muhuri akiwa ukumbini, karatasi ameiegemeza ukutani. Kabla ya kuondoka alinong'ona kwamba watoto wakiacha kunyonya nimwekee mmoja, kwa sababu panya wa ofisini kwake wamekwisha kula nusu ya daftari la wakazi.

Kesho yake barua ile ilipokewa, ikapigwa tundu, na kijana akaniazima kalamu nyekundu ili niipe namba kwa mkono wangu: 47. Barua ya kupanda daraja niliwahi kuingoja miaka sita. Ya Shume ilikamilika kwa siku mbili.

Jioni hiyo nilimpigia mke wangu nikamsimulia kila kitu, tangu dirisha hadi muhuri. Hakunikatiza hata mara moja. Mwisho aliniuliza jambo moja tu, kwamba huyo mzazi wangu ametandikiwa kanga ipi.

Nikamwambia mtandao unakatika.