Ukuta wa kompyuta na ukuta wa Nyali

Tetemeko la Agosti 12, 2020, lenye ukubwa wa takriban 6, lilitokea baharini karibu na Dar es Salaam lakini mtikisiko ukafika hadi Mombasa. Je, majengo marefu ya mitaa ya Nyali na Kizingo mjini humo, yenye kuta za zege zinazozunguka lifti, yajaribiwe kwanza kwenye kompyuta?

Wanaosema ndiyo wana Chile mkononi. Februari 27, 2010, tetemeko la 8.8 lilizikuta huko kuta nyembamba, nyingine za sentimita 15 hadi 20. Zege la chini likasagika, nondo za pembeni zikachomoza nje kwa kuwa ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo, zilipangwa kwa nafasi kubwa na kulabu zake zikafunguka. Mjini Concepción, jengo la Alto Río la ghorofa 15 lilianguka. Programu kama OpenSees, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, husukuma ukuta wa kwenye kompyuta kushoto na kulia, kila mara mbali zaidi, ikaonyesha unavyopungua nguvu hatua kwa hatua. Hesabu ya kawaida ya ofisini haikupi hilo.

Wanaopinga husema hiyo ni gharama ya bure. Tetemeko kubwa la Kenya, la Subukia mwaka 1928, lilikuwa la 6.9, tena Bonde la Ufa, mbali na Pwani. Hoja hiyo ina uzito, ila jengo la leo litasimama miaka mingi.

Kinachonitia mimi shaka ni kompyuta yenyewe. Ukuta hugawanywa vipande vidogo ili uhesabike. Zege likianza kulegea, msagiko wote hukusanyika kwenye safu moja ya vipande. Ukikata vipande vya sentimita 5 badala ya 20, ukuta uleule utavunjika mapema zaidi kwenye skrini, na hakuna nondo hata moja iliyobadilishwa! Dawa ipo: tabia ya zege ifungwe kwenye nishati inayohitajika kulivunja, si kwenye ukubwa wa kipande. Asiyejua hilo atachagua jibu analolipenda. Halafu modeli nyepesi, yaani ukuta wa kompyuta uliorahisishwa, huchukulia kupinda kwa ukuta na kukatwa kwake kwa nguvu ya pembeni kama mambo yasiyojuana, ilhali kwenye ukuta mfupi na mpana huenda pamoja.

Na Mombasa ina lake. Chumvi ya bahari hupenya zege, kutu ikala nondo, kipenyo kikapungua. Modeli husoma kipenyo cha kwenye mchoro. Kwa jengo la zamani, bila kukata sampuli za zege na kufunua nondo mahali pachache, picha za rangi za kompyuta hazina maana kubwa.

Kwa hiyo modeli ije, lakini baada ya ringi kupangwa sawasawa. Mkaguzi akiletewa ripoti, aombe ukuta uleule uliohesabiwa kwa vipande vya ukubwa tofauti, kisha ateremke saiti na futi mkononi, apime nafasi ya ringi za chini kabla zege halijamwagwa.